Ndoano Kumi na Mbili za Katwe

Manahodha wa boti zinazopeleka wageni kuvua wameniomba niwaandikie namna ya kukitengeneza chambo bandia mpaka kiende sawa majini. Wanasema nimestaafu na kuondoka na siri. Hakuna siri. Kuna koleo, kuna macho, na kuna woga, na huo wa tatu ndio nilioutumia zaidi. Basi nitaandika habari za chambo kama mlivyotaka. Lakini mjue tangu sasa kwamba kuna jambo nimelificha miaka kumi na sita. Linahusu ndoano, na linahusu mkono wa mtu aliyenifundisha kazi. Nikifika hapo, tafadhali msiruke kurasa.

Naitwa Hadija. Ni Mnubi, binti wa polisi, nilizaliwa Naguru kwenye nyumba za askari, na Kiswahili nilikikuta pale pale pamoja na uji. Kuogelea sikukukuta. Kwetu maji yalikuwa ya kupikia, kuoga na kutawadha, tena yalikaa ndani ya jerikani yakiwa yamefunikwa. Kampuni ya boti iliponiajiri niliambiwa kazi yangu ni stoo ya Kansanga, kushona majaketi ya kuelea yaliyochanika na kupanga vifaa. Nilikubali kwa sababu ziwa halikuonekana kutoka dirishani.

Siku ya kwanza nilipewa sanduku la vyambo vilivyosokotana nikaambiwa nivitenganishe. Kwa asiyejua, chambo hiki ni samaki wa mbao au wa plastiki, urefu wa kiganja. Kidevuni ana kibao chembamba tunachokiita ulimi. Ukimvuta, maji yanaupiga ule ulimi naye anazama huku akitikisika kama samaki mgonjwa. Tumboni inaning'inia ndoano ya meno matatu, na mkiani nyingine kama hiyo. Jumla meno sita. Siku ile yote sita yalipata pa kushika: mawili kwenye gauni langu, moja kidoleni, na matatu kwenye pazia la bosi.

Aliyenitoa stoo ni Papa Faustin, nahodha wa boti ya kwanza. Alikuwa Mkongo kutoka mashariki ya kwao, mkimbizi, Mkristo wa kuomba kwanza kabla ya kuwasha injini. Kiganda chake kilikuwa kibovu na changu alikicheka, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili, kila mtu na cha kwao. Asubuhi moja alinirudishia chambo akilalamika kwamba kinakwenda upande. Nikamwambia nimekijaribu kwenye beseni.

"Mama Hadija, samaki ya mu beseni njo itakula hii?" aliuliza. "Kesho unakuja mu boti."

Kesho yake nilivaa majaketi mawili. Nilikaa sakafuni, nikasoma kila sura ya Kurani niliyoijua, na kwa kuwa hazikuwa nyingi nilizirudia. Papa Faustin alichuchumaa mbele yangu.

"Unaogopa?"

"Naogopa, Papa. Naogopa sana."

"Bon. Mtu mwenye haogopi hii maji, miye siwezi kumubeba."

Alichonifundisha ni hiki. Tupa chambo karibu, kivute sambamba na boti, kitazame. Kikikimbilia kushoto, shika kwa koleo kile kitundu cha waya unapofunga mshipi, kipinde kuelekea kulia, kidogo mno, kama unavyotafuta stesheni ya redio. Kikikimbilia kulia, pinda kushoto. Ulimi usiuguse, ukiupinda, chambo kimekufa na ubaki nacho cha kuning'iniza sebuleni. Kisha jaribu tena kwa mwendo wa haraka, maana kasoro ndogo haionekani ukivuta polepole.

Wakati wenyewe ni mvua za masika zinapoanza. Maji ya kando yanapoa na kuwa na rangi ya chai, samaki wadogo wanasogea kwenye mawe, na sangara, ambaye sisi Kampala twamwita mputa, anawafuata mpaka mahali ambapo mtu angeweza kusimama. Wageni hukosea kwa kuvuta mbio. Maji yakipoa mputa ni mvivu. Vuta taratibu mpaka usikie kwenye fimbo ya kuvulia kwamba ulimi umegonga jiwe, halafu acha kabisa. Hesabu mbili. Chambo kitainuka chenyewe, na hapo ndipo anapokipiga. Mimi ile hesabu ya mbili sikuwahi kuizoea. Kilichokuwa chini hukijui, na mara nyingine kilikuwa kizito kuliko mtoto wangu wa kwanza.

Papa Faustin alikuwa na masharti mawili. La kwanza, mkasi wa kukatia chuma ulining'inia kwenye msumari nyuma ya kiti chake, na kila asubuhi alinifumbisha macho nikaupapasa mpaka niushike. Alisema samaki akikamata ndoano moja, ile nyingine inabaki ikitafuta mtu. La pili, samaki ambaye bado ana chambo mdomoni hashikwi kwa mkono. Na zaidi ya hayo alipenda ndoano laini za kiwandani, ambazo sisi wengine tulizilaani kwa sababu mputa mkubwa alizinyoosha kama waya wa kuanikia nguo.

"Miye napenda ndoano yenye inakatika," alisema.

Nilidhani ni ubishi wa mtu mzima. Nilimpenda, lakini nilidhani hivyo.

Sasa kuna desturi moja ya mwalo wetu, hapa boti zinapofikia, ambayo nyinyi mnaijua, lakini huenda mtu mwingine atasoma. Chambo kilicholeta samaki mkubwa hakikai boti moja. Nahodha mwingine akija asubuhi akakisifu, unakifungua unampa, naye siku yake ikifika atampa mwingine. Si kuazima, kwa kuwa hakirudi. Tunaita kupitisha. Na ukishakipitisha, kukiulizia ni aibu kubwa; mwalo mzima utasema unaionea wivu riziki ya mwenzako. Ni desturi nzuri na imetulisha wengi.

Mwaka wangu wa tano majini, masika yalipoanza, tulipoteza samaki wakubwa watatu katika wiki moja. Kila mara chambo kilirudi na ndoano imenyooka. Wageni walinung'unika, na bosi akasema mbele ya watu kwamba anayetayarisha vyambo ajieleze. Anayetayarisha nilikuwa mimi. Nyumbani nilikuwa na watoto wawili na mama asiyetoka kitandani, na niliogopa kufukuzwa kuliko nilivyoliogopa ziwa. Nikaenda Katwe.

Huko, katikati ya makelele ya nyundo, kulikuwa na fundi tuliyemwita Ssalongo kwa kuwa alikuwa baba wa mapacha. Nilimpa ndoano iliyonyooka. Aliigeuza kidoleni akacheka.

"Nyabo, mama, wewe nataka ya kukamata samaki ama ya kuvuta loli?"

"Nataka isiyofunguka."

"Basi utalala usingizi. Hii nafanya na supulingi ya gali. Haifunguki, haikatiki. Hata wewe mwenyewe hutaiweza."

Alizipasha moto, akazikunja, akaunga meno matatu kwenye shina moja, akazichovya kwenye oili chafu, kisha akazipasha tena polepole mpaka zikawa na rangi ya asali. Pete za kuzifungia kwenye chambo alizitengeneza kwa chuma hicho hicho. Zikapoa, akazipaka rangi nyeusi. Zilikuwa kumi na mbili. Nilichukua tupa yake nikasugua shina la moja, na tupa ikateleza bila kuacha mkwaruzo kwenye chuma. Nilifurahi mno. Nilizifunga usiku huo kwenye vyambo vyetu bora, na Papa Faustin sikumwambia, kwa sababu nilijua atakataa.

Hatukupoteza samaki tena. Masika yale yaliisha, yakaja mengine, na ndoano zangu hazikunyooka hata moja. Bosi alinisifu. Manahodha wakawa wanakuja asubuhi kuvisifu vyambo vyetu, nasi tukavipitisha kama inavyotakiwa, na mimi nilisimama gatini nimejaa majivuno, nikiangalia ndoano zangu zikienda na boti za watu. Wengine hata majina yao sikuyajua.

Halafu ikaja ile asubuhi. Tulikuwa na mgeni mmoja tu, Bwana Mutua, Mkenya, mwalimu wa hesabu, mtu mpole aliyekuwa anaomba radhi kila mshipi wake ulipogusana na wangu. Mvua ndogo ilikuwa imepita. Tulikuwa kwenye mawe ya kisiwa, kama saa moja kutoka mwalo wetu wa Ggaba. Alivuta taratibu kama nilivyomwonyesha, akagonga jiwe, akaacha, na kabla sijamaliza kuhesabu mbili fimbo ilipinda mpaka majini.

Ilichukua muda kumleta. Alipoinuka ubavuni mwa boti nilirudi nyuma bila kutaka. Mdomo wake ungeweza kumeza sufuria. Chambo kilikuwa kimemshika pembeni ya mdomo kwa ndoano ya tumbo, na ile ya mkiani ilikuwa wazi, inachuruzika maji.

"Nahodha, nisaidie, ningependa nimpige picha akiwa hai kisha nimrudishe," alisema Bwana Mutua. "Tafadhali sana. Mwanangu hataniamini."

Sijui kwa nini Papa Faustin alivunja sharti lake siku ile. Labda kwa sababu yule mtu alikuwa mpole. Alivaa glavu, akainama, akaingiza mkono akamshika mputa taya la chini. Mputa akatikisa kichwa mara moja tu.

Ndoano ya mkiani iliingia kwenye kiganja cha Papa Faustin kupitia glavu, kati ya kidole gumba na cha shahada, ikatokea upande wa pili. Sikusikia ukelele. Nilisikia pumzi. Kisha mputa akazama, na mkono ukaenda naye, na bega likafuata. Samaki yule na mtu yule walikuwa wamefungwa pamoja kwa kitu chenye urefu wa kiganja.

Nilimrukia miguuni nikamkalia. Bwana Mutua akamshika mkanda wa suruali. Boti ikalala upande ule, maji yakaanza kuingia.

"Mkasi! Mama, mkasi!"

Niliushika bila kutazama, kama nilivyozoezwa. Nilimwachia Bwana Mutua miguu, nikalala kifudifudi ukingoni, nikaubana mkasi kwenye shina la ndoano kwa mikono miwili. Uliteleza. Nikabana tena, kwa nguvu zangu zote, na nikasikia kitu kikivunjika. Nikamshukuru Mungu. Lakini kilichovunjika ni meno ya mkasi. Ndoano ilikuwa vile vile, nyeusi, nzima, na damu ikipita juu yake. Nilijaribu pete. Mkasi ukaacha vipande vingine.

Papa Faustin aliitazama ile ndoano. Halafu alinitazama mimi. Mputa alizama tena, na safari hii kichwa cha Papa kiliingia majini.

Sijawahi kuogopa vile, kabla wala baada. Nilikuwa nikilia kwa sauti. Nilikumbuka kisu cha kupasulia samaki, kilikuwa chini ya kiti, nikakichukua, nikaingiza kichwa na mkono wote mpaka begani ndani ya lile ziwa nililolikimbia maisha yangu yote. Maji yalikuwa kama chai ya jana. Nilipapasa nikafuata mkono wa Papa, nikaifikia glavu, nikaufikia ule mdomo mgumu, nikaanza kukata pembeni ya mdomo wa samaki. Sikukata chuma, nilikata nyama. Nilikata kwa kubahatisha, nikiomba nisikate vidole. Mputa alipiga mkia, ngozi ikaachia, akaenda.

Tulimvuta Papa Faustin ndani. Alitapika maji. Chambo kilikuwa kinaning'inia mkononi mwake na kipande cha mdomo wa samaki bado kimo. Bwana Mutua alikuwa anaomba radhi tena na tena, kwa kila mtu, hata kwa injini ilipochelewa kuwaka.

Hospitali daktari aliitoa ndoano kwa msumeno wa umeme, akashangaa imetoka wapi. Mshipa wa mkono ulikuwa umekatika. Vidole viwili vya Papa Faustin havijakunjika tangu siku hiyo, na mtu asiyeweza kukunja vidole hashiki usukani kwenye mawimbi.

Bosi aliita kikao. Aliuliza ilikuwaje. Papa Faustin alisimama, mkono umefungwa kifuani.

"Kosa ni yangu. Miye njo nilitia mkono. Na mkasi ilikuwa ya zamani."

Bosi akanunua mkasi mpya kwa kila boti. Hakuna aliyeuliza habari za ndoano. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, na nilinyamaza. Nilinyamaza kwa sababu niliogopa kufukuzwa, na kesho yake nikanyamaza kwa sababu jana nilinyamaza, na baada ya mwezi ikawa haiwezekani tena. Papa Faustin aliacha boti, akaenda kumsaidia mkewe kuuza vitenge Kansanga. Mimi nilibaki, na ndiye mnayemjua: Mama Hadija mwenye macho makali, anayekagua vyambo mara tatu. Mlidhani ni bidii.

Nilizitoa ndoano zote zilizokuwa kwenye boti yetu. Nyingine zilikuwa zimepita. Kuziulizia kungekuwa aibu, na aibu ningeivumilia, lakini wangeuliza sababu. Kwa hiyo niligeuka mwizi wa namna yangu. Nilijitolea kuwasafishia watu masanduku yao, tupa nimeificha kwenye mkunjo wa khanga, na nilipoikuta moja niliibadilisha kimya kimya. Miaka kumi na sita nimepata saba, nikijumlisha zile za boti yetu, pamoja na mbili za chambo cha siku ile. Kila boti ilipochelewa kurudi, niliingoja. Nilijifanya nafagia gati mpaka nione mikono ya kila nahodha ikiwa mizima.

Masika ya mwaka juzi nahodha mmoja wenu alisimulia kwa kicheko jinsi ndoano ilivyomnasa suruali, na mkasi ukashindwa kuikata, ikabidi akate suruali na kurudi nyumbani amejifunga taulo. Mlicheka sana siku ile. Nami nilicheka. Jioni nilikitafuta kile chambo. Alikuwa ameshakipitisha.

Wiki mbili baada ya kustaafu nilikwenda Kansanga. Papa Faustin alikuwa amekaa mbele ya duka, nywele nyeupe, anakunja kitenge kwa mkono mmoja na kukishikilia kwa kiwiko cha ule mwingine. Aliita mkewe alete chai. Nilimwambia asubiri, kwamba nikinywa kwanza sitasema. Nikasema yote: Katwe, Ssalongo, springi ya gari, tupa iliyoteleza. Nililia. Nilisema mkono wake nimeula mimi.

Aliendelea kukunja mpaka kitenge kikaisha.

"Nilijua," alisema. "Siku ile ile, wakati ninaona mkasi inavunjika."

"Ulijua, Papa? Na ukasema kosa ni lako?"

"Nilitia mkono. Ile ni kosa yangu, si uongo." Aliweka kitenge juu ya vingine. "Zilikuwa ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Na weye uko nayo ngapi?"

"Saba."

Hapo ndipo uso wake ulipobadilika. Sikuwahi kumwona Papa Faustin akiogopa, hata kichwa kilipokuwa majini.

"Nilizani ulishazitoa zote," alisema polepole. "Njo maana nilinyamaza. Nilisema, Mama Hadija ni mwoga, atazitoa zote, hatalala kama hajazitoa. Njo sababu nilikufunika mbele ya bosi." Alinyanyua ule mkono wenye vidole vilivyonyooka, akauelekeza upande wa ziwa. "Unakuja kulia juu ya mkono yangu. Mkono yangu ilishakwisha. Ile tano iko wapi?"

Chai ilikuja, hakuna aliyeinywa.

Basi ndiyo sababu ya kurasa hizi. Ndoano tano za meno matatu, nyeusi kama hazijachubuka, hazina alama yoyote, ziko kwenye masanduku yenu au ya wale mliowapitishia. Fungueni masanduku leo, kabla hamjapakia wageni. Chukua tupa, sugua shina la kila ndoano. Ya kiwandani itaacha unga unaong'aa. Yangu tupa itateleza. Ukiipata usihangaike kuikata, ing'oe pamoja na chambo chake, hata kama chambo hicho kimekuletea samaki wa maisha yako.

Na mimi kesho asubuhi nitakuja mwaloni, nitaanza na boti ya kwanza gatini, nitaulizia kwa sauti mbele ya wote, na atakayeniuliza sababu nitamwambia. Naogopa mtakavyonitazama. Nitakuja.